Kamera ndani ya mto: namna samaki wa mito ya jirani anavyopigwa picha bila kutolewa majini

Katika vijito baridi vinavyoshuka kutoka Mlima Kenya na safu ya Aberdare, na katika mito inayolilisha bonde la Kilombero nchini Tanzania, wapo wavuvi wasiovua kwa ajili ya kitoweo. Huvua kwa ufito na ndoana, hulipia leseni, na samaki wanayemnasa humrudisha mtoni. Kabla ya kumrudisha, hata hivyo, hupenda kumpiga picha. Samaki huinuliwa kwa mikono miwili, mvuvi huitazama kamera, mwenzake hubonyeza kitufe, na kwa kuwa picha ya kwanza haikosi kasoro, hupigwa ya pili na ya tatu. Muda huo wote samaki yuko hewani.

Kamera ndogo isiyoingia maji, inayotoshea kiganjani, imeleta njia nyingine. Badala ya samaki kupandishwa hewani ili aonekane, kamera ndiyo inayoshushwa majini. Yafuatayo ni maelezo ya namna kazi hiyo inavyofanyika, sababu zinazoifanya iweze kumwokoa samaki, na sababu zinazoifanya ishindikane kabisa katika baadhi ya mito ya ukanda huu.

Dakika moja hewani

Mwaka 1992 watafiti wawili nchini Kanada, R. A. Ferguson na B. L. Tufts, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo hadi leo hutajwa kila panapojadiliwa uvuvi wa kunasa na kuachia. Walitumia samaki aina ya trauti wa upinde wa mvua. Kundi moja la samaki hao liliachwa bila kusumbuliwa. Kundi jingine lilikimbizwa tangini hadi likachoka, kama samaki anavyochoka anapopambana na mshipi. Makundi mawili yaliyobaki yalikimbizwa vivyo hivyo, kisha moja likatolewa majini kwa sekunde 30 na jingine kwa sekunde 60.

Hesabu ilipofanywa baada ya saa 12, samaki wasiosumbuliwa walikuwa salama. Katika kundi lililokimbizwa tu, asilimia 12 walikuwa wamekufa. Waliokaa hewani nusu dakika walikufa asilimia 38, na waliokaa dakika nzima walikufa asilimia 72.

Sababu yake inaeleweka kwa urahisi. Matamvua ya samaki ni mfano wa kurasa nyembamba sana za kitabu, na maji yanayopita kati yake ndiyo yanayozitenganisha. Ndani ya maji kurasa hizo hujitandaza na kunyonya oksijeni. Hewani huangukiana na kugandana, na eneo la kupumulia likapotea karibu lote. Wakati huohuo samaki aliyetoka kupambana na mshipi ana asidi nyingi katika damu na misuli, na ana haja ya oksijeni kuliko wakati mwingine wowote. Ni sawa na kumpokea mkimbiaji aliyemaliza mbio za mita 800, kisha kumziba pua na kumwomba atulie apigwe picha.

Takwimu hizo ni za maabara, na samaki wa jaribio walikuwa wamekwisha kusumbuliwa kwa namna ambayo samaki wa mtoni hasumbuliwi. Tafiti nyingi zilizofanyika baadaye kwenye mito na maziwa zilionyesha vifo vichache zaidi, na kwamba kiwango hutegemea joto la maji, aina ya samaki, mahali ndoana ilipoingia na muda wa mapambano. Lakini mwelekeo wake haujapingwa: kadiri samaki anavyokaa hewani, ndivyo uwezekano wake wa kuishi unavyopungua, na maji yakiwa ya joto hali huwa mbaya zaidi kwa sababu maji ya joto hubeba oksijeni kidogo. Jambo linalowapotosha wavuvi ni kwamba kifo hicho hakitokei mbele ya macho yao. Samaki huachiwa, hupiga mkia, hutokomea gizani, na mvuvi huenda zake akiwa na dhamiri safi. Yanayofuata saa kadhaa baadaye chini ya jiwe hakuna anayeyaona.

Kwa Kenya suala hili halitoki mbali. Trauti si mwenyeji wa Afrika Mashariki. Mbegu zake zililetwa na walowezi mwanzoni mwa karne ya 20 na kupandwa katika vijito vya nyanda za juu, ambako maji ni baridi na yana oksijeni ya kutosha. Wapo trauti wa kahawia, wenye asili ya Ulaya, na trauti wa upinde wa mvua, wenye asili ya pwani ya Bahari ya Pasifiki, ambao ni wa aina ileile iliyotumiwa katika jaribio la mwaka 1992. Kituo cha kuzalishia vifaranga vya samaki hao kilichoko Kiganjo, karibu na Nyeri, ni cha tangu enzi ya ukoloni. Mvuvi anayesimama katika kijito cha Aberdare akiwa na trauti mkononi anashika samaki ambaye hesabu yake ya sekunde 30 na 60 inajulikana.

Kifaa na namna ya kukishika

Kamera yenyewe haina makuu. Nyingi ni zile ambazo waendesha baiskeli na wapanda milima hujifunga kifuani au kwenye kofia ngumu. Baadhi huingia majini zilivyo, na nyingine huhitaji ganda la plastiki lenye mpira wa kuziba. Hufungwa kwenye mwisho wa kijiti cha urefu wa mita moja au zaidi. Mvuvi anapomleta samaki karibu, humwongoza ndani ya wavu wa mkono ulioachwa majini, wavu wenye matundu ya mpira usiokwangua ute wa ngozi. Mwenzake hukizamisha kijiti. Samaki hubaki wavuni, kichwa kikiuelekea mkondo ili maji yapite kwenye matamvua, na kamera humzunguka. Ndoana hutolewa hapohapo. Ikiwa ni ndoana isiyo na kijino hutoka kwa msokoto mmoja wa koleo. Wavu hushushwa, na kamera huendelea kurekodi samaki anapoondoka.

Kipande hicho cha mwisho ndicho chenye thamani kubwa kuliko vyote, ingawa wengi hukikata ili kubakiza kile cha samaki akiruka. Wataalamu wa samaki hutumia dalili chache kupima iwapo samaki aliyechoka ataweza kuishi, na mojawapo ni uwezo wa kujigeuza: samaki akilazwa kichalichali ndani ya maji, mgongo ukitazama chini, aliye mzima hurudi sawa ndani ya sekunde chache. Dalili nyingine ni jicho lake kufuata upeo wa maji mwili unapoviringishwa, na nguvu ya mkia wake unaposhikwa. Mtu aliyesimama juu ya maji yanayometa jua haoni mambo hayo vizuri. Kamera iliyo sentimita 40 kutoka kwa samaki huyaona yote, na huyahifadhi.

Baadhi ya wavuvi hupendelea kamera nyembamba yenye umbo la risasi, inayofungwa kwenye mshipi wenyewe kabla ya chambo bandia na kuburutwa pamoja nacho. Picha zake husisimua, maana samaki huonekana akitokea nyuma. Lakini kifaa hicho ni kizito kuliko chambo, hubadilisha mwendo wake, na katika mkondo wenye nguvu hupinduka na kurekodi anga. Njia ya tatu ni kuiweka kamera kwenye kitako cha chuma au kuifunga kwenye jiwe chini ya mto, mbele ya mahali samaki anapojificha, kisha kuondoka kwa nusu saa. Hiyo ndiyo njia yenye subira, na ndiyo inayofundisha mengi.

Mgeni katika kazi hii hushangazwa na jambo moja: hawezi kuona kwenye simu kile kamera inachokiona ikiwa majini. Mawimbi ya waifai humezwa na maji ndani ya sentimita chache. Asiyetumia waya hulenga kwa kukisia, hurekodi muda mrefu, na huchagua baadaye. Kwa hiyo lenzi pana ni ya lazima, na kamba ya kuifunga kamera kwenye boya dogo ni ya lazima zaidi, kwa kuwa vifaa vingi hupotea kwa kuchomoka kijitini kuliko kwa kuingia maji. Kamera iliyokaa juani kisha ikatumbukizwa katika kijito baridi hupata ukungu ndani ya kioo; pakiti ndogo ya chembe za kukausha unyevu, kama zile zinazowekwa kwenye masanduku ya viatu, huondoa tatizo hilo.

Kasi nayo ina sehemu yake. Samaki wengi wawindaji hufungua kinywa, hufyonza na kufunga katika muda usiofika sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kamera inayopiga picha 30 kwa sekunde itapata picha mbili au tatu za tukio lote. Inayopiga 120 au 240 huonyesha kinywa kikipanuka, chambo kikiingia na, mara nyingi kuliko wavuvi wanavyodhani, chambo kikitemwa kabla mkono haujahisi kitu.

Rangi ya maji ndiyo yenye kauli

Ushauri mwingi kuhusu upigaji picha chini ya maji umeandikwa na wapiga mbizi wa baharini, na sehemu yake haina kazi mtoni. Ni kweli kwamba maji humeza rangi nyekundu kwanza, ndiyo maana katika kina cha mita kadhaa kila kitu huonekana cha samawati. Lakini mvuvi wa kijitoni ana maji ya magotini au ya kiunoni, na kioo chekundu cha kusahihishia rangi huongeza tu uzito mfukoni mwake. Adui yake ni chembe za udongo. Chembe hizo hutawanya mwanga kila upande, na anayewasha taa kuzishinda huziangaza zenyewe, kama dereva anayewasha taa kubwa ndani ya ukungu.

Dawa iliyopo ni kukaribia. Maji hupinda mwanga kiasi kwamba kitu huonekana kwa robo karibu zaidi kuliko kilipo, na kioo bapa cha kamera hupunguza upana wa picha kwa kiasi kinachokaribia hicho. Ndiyo sababu vioo vyenye umbo la kuba hutumiwa na wenye uwezo. Hata hivyo hakuna kioo kinachoondoa tope, na kipimo chake kinajulikana tangu mwaka 1865, pale padri na mwanasayansi wa Italia, Angelo Secchi, alipotumia kisahani cheupe kupima uangavu wa maji ya Mediterania. Kisahani huteremshwa kwa kamba hadi kisionekane, na urefu wa kamba husomwa. Sahani nyeupe ya chakula iliyotobolewa hufanya kazi hiyohiyo. Ikitoweka kabla ya kufika urefu wa mkono, kamera ibaki mkobani.

Kwa kipimo hicho, mito ya ukanda huu inatofautiana sana. Chemchemi za Mzima, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, ni za ajabu kwa uangavu. Mvua inayonyesha kwenye vilima vya Chyulu haitiririki juu ya ardhi. Huzama katika majivu na mawe ya volkano, husafiri chini kwa chini, na kuibuka Mzima ikiwa imechujwa. Sehemu ya maji hayo hupelekwa kwa bomba hadi Mombasa. Hakuna anayetupa ndoana Mzima, lakini mtu yeyote anaweza kushuka katika chumba kilichojengwa kando ya bwawa, chenye madirisha chini ya usawa wa maji, akawatazama samaki wakipita.

Vijito vya trauti vya Aberdare na Mlima Kenya huwa vyangavu pale misitu iliyo juu yake ilipo salama. Pale shamba linapofika ukingoni, mvua ya saa moja hukigeuza kijito kuwa na rangi ya chai ya maziwa kwa siku nzima. Wavuvi wanaohifadhi picha zao za miaka mingi wanayo, pengine bila kukusudia, kumbukumbu ya hali ya ardhi.

Hapa Uganda, uvuvi wa sangara chini ya Maporomoko ya Murchison una jina kubwa duniani. Mto Nile hupita huko katika ufa wenye upana wa takriban mita saba na kuanguka mita 43. Tatizo la mpiga picha chini ya maporomoko si tope peke yake, ni hewa: maji yamejaa mapovu yanayozuia mwanga kama pazia, na mkondo hung'oa kijiti mkononi. Picha za sangara zinazovutia hupatikana mbali kidogo, pembezoni, penye maji yaliyotulia.

Njege wa Kilombero

Mfano ulio mgumu, na wenye mafunzo mengi, uko kusini mwa Tanzania. Mito ya Mnyera na Ruhudji huteremka kutoka nyanda za juu na kuingia katika bonde la Kilombero, ambalo eneo lake oevu lenye takriban kilomita za mraba 8,000 liliingizwa katika orodha ya Ramsar mwaka 2002. Maji ya bonde hilo huungana hatimaye na Rufiji na kuelekea Bahari ya Hindi. Katika miezi ya kiangazi, kabla ya mvua, sehemu za juu za mito hiyo hupungua na kuwa angavu kiasi cha kuona mchanga wa chini.

Humo anaishi samaki ambaye wavuvi wa Rufiji humwita njege, na ambaye jamaa zake katika Ziwa Tanganyika huitwa kibebe. Wanasayansi humweka katika jenasi Hydrocynus, na mwaka 1986 njege wa mabonde ya Rufiji na Ruvu alielezwa kuwa ni spishi ya peke yake, Hydrocynus tanzaniae. Ni samaki wa fedha mwenye mistari myeusi ubavuni, mapezi yenye wekundu, na meno yanayobaki nje hata kinywa kikifungwa. Kinywa hicho ni mfupa karibu kitupu. Ndoana haipati mahali pa kushika, na njege anaporuka juu ya maji na kutikisa kichwa huitupa mara nyingi kuliko anavyonaswa. Kwa wavuvi wa burudani kutoka mbali, wanaofika kwa mashua na kuvua kwa kuachia, hiyo ndiyo sababu ya safari.

Ushauri wa kupiga magoti majini na kumshika samaki kwa upole, unaofaa katika kijito cha Aberdare, hapa unaweza kumgharimu mtu mkono. Mito ya Kilombero ina mamba na viboko. Mvuvi hubaki ndani ya mashua, wavu una mpini mrefu, na kijiti cha kamera kina urefu unaowaweka watu mbali na usawa wa maji. Njege mwenyewe huwa wavuni kando ya mashua, upande usio na mkondo mkali, na koleo refu ndilo linaloingia kinywani. Kazi yote inapaswa kuisha upesi, maana samaki aliyechoka anayetapatapa kando ya mashua ni mwaliko kwa mamba. Kumwachia samaki akiwa bado hajapata nguvu katika maji ya namna hiyo ni kumkabidhi kwa mwindaji mwingine.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao watalii hawauoni kila mara. Kwa familia zinazoishi kando ya Kilombero samaki ni chakula na ni ada ya shule. Njege, pamoja na mbala, ndungu na kambale, hukaushwa kwa moshi na kupelekwa masokoni. Kumnasa samaki, kumsumbua na kumwachia huonekana kwa wengi wao kama mchezo wa mtu aliyeshiba, na hoja hiyo haijibiwi kwa kuonyeshwa picha nzuri. Inajibiwa kwa kiasi fulani na ajira ya waongoza mashua na kwa malipo yanayorudi vijijini pale yanaporudi kweli. Lakini picha ya chini ya maji ina faida moja katika mazungumzo hayo. Mzee ambaye amevua mto huo kwa nyavu kwa miaka 40 anajua mahali samaki wanapokaa kwa kukisia kutokana na nyavu zake. Akionyeshwa njege kumi wamesimama nyuma ya gogo alilolipita maisha yake yote, ana mengi ya kusema juu yake, na anayoyasema huwa na uzito kuliko maelezo ya mgeni.

Kilichoonekana baada ya kutazama

Tamaa ya kumwona samaki alipo ni ya zamani. Mfaransa Louis Boutan alipiga picha chini ya maji huko Banyuls-sur-Mer mwaka 1893, akitumia kamera iliyofungiwa katika sanduku zito. Kwa wavuvi wa ndoana, hatua iliyowagusa ilikuja mwaka 1973, pale Mmarekani Glen Lau alipotoa filamu Bigmouth, kuhusu samaki wa maji baridi anayependwa sana na wavuvi wa nchi hiyo. Filamu iliwaonyesha kile ambacho ufito hauwezi kueleza: samaki akikisogelea chambo, akikitazama, na kugeuka.

Hilo ndilo somo linalorudi kila kamera inapozamishwa. Mvuvi aliyekaa saa mbili bila kuguswa husema mto hauna samaki. Kamera huonyesha kwamba samaki watatu walikifuata chambo chake hadi karibu na mashua na kukikataa. Huonyesha pia kwamba samaki alimwona yeye kabla hajamwona samaki. Kutoka chini, dunia yote ya juu hubanwa ndani ya duara la mwanga lenye pembe ya nyuzi zipatazo 97. Nje ya duara hilo uso wa maji ni kioo kinachorudisha sura ya mchanga na mawe. Mtu aliyesimama wima ukingoni huingia katika ukingo wa duara hilo akiwa amefupishwa na kukunjwa, lakini mwendo wake huonekana. Aliyechuchumaa huonekana kwa shida zaidi. Mshindo wa miguu nao hufika upesi, maana sauti husafiri majini kwa zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na samaki huuhisi mtikisiko wa karibu kwa mstari wa vinyweleo vya hisia ulio ubavuni mwake.

Huko Mzima, waongozaji filamu Alan na Joan Root walizamia katikati ya viboko na kuonyesha kwamba samaki wa jenasi Labeo huwasafisha wanyama hao ngozi, meno na mikunjo ya miguu. Baada yao Mark Deeble na Victoria Stone walirudi katika chemchemi hizohizo na filamu yao, Mzima: Haunt of the River Horse, ikafuatilia namna kinyesi cha kiboko, aliyekula nyasi nchi kavu usiku, kinavyowalisha viumbe wa majini kuanzia wadudu hadi samaki. Kazi hiyo haikuwa ya mzaha. Alan Root aliumwa mguu na kiboko katika maji hayo, na jino la mnyama huyo liliigonga barakoa ya mkewe. Anayezamisha kamera kwa kijiti akiwa ukingoni hana sababu ya kuona haya.

Leseni, vibali na msimu

Nchini Kenya, kuvua trauti kwa ufito kunahitaji leseni ya uvuvi wa burudani, na anayeingia ndani ya hifadhi hulipa pia kiingilio cha Shirika la Huduma za Wanyamapori. Tanzania ina leseni zake, na maeneo ya Mnyera na Ruhudji yanayovuliwa na wageni hufikiwa kupitia kampuni zenye haki ya kuendesha utalii humo, wala si kwa kufika na ufito begani. Katika nchi zote mbili filamu ya kibiashara huhitaji kibali, hata kama kamera ni ndogo kuliko kiberiti. Anayekusudia kuuza picha zake aulize kabla ya kusafiri.

Anayechapisha picha mtandaoni anafaa kuangalia pia mambo mawili yasiyohitaji kibali. Simu na kamera nyingi huandika ndani ya faili mahali picha ilipopigwa, na bwawa dogo lenye trauti wakubwa likijulikana kwa nukta za ramani halikai na trauti hao muda mrefu. Taarifa hiyo inaweza kufutwa kabla ya kuituma. La pili ni viatu, nyavu na kamera zenyewe. Hukaushwa kabisa kabla ya kupelekwa mto mwingine, kwa sababu vimelea na mbegu za magugu husafiri katika unyevu.

Kwa Kilombero, msimu wenye maji angavu ni kati ya Agosti na Novemba. Mvua zikianza mapema, mito hubadilika rangi ndani ya usiku mmoja. Kwa vijito vya Kenya, Januari na Februari, na tena Julai hadi Septemba, ndiyo miezi ambayo sahani nyeupe huonekana hadi chini, isipokuwa siku zinazofuata mvua za milimani.